Maswali ya Wasomaji: Kutoka Maabara Hadi Kampuni, Wakfu wa Chuo Ukiwa Katikati

Toleo lililopita tuligusia vyuo vikuu vya Marekani vinavyokabidhi uvumbuzi wa watafiti wao kwa wakfu wa utafiti, ili utolewe leseni au uzae kampuni changa. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi. Tumejibu zile zenye mambo yanayowahusu wengi, na majina ya walioandika tumeyaacha.

SWALI: Shikamooni. Nasoma shahada ya uzamivu Madison, Wisconsin. Maabara yetu imetengeneza kijikaratasi cha kupima sumukuvu kwenye mahindi. Profesa ananiambia, "Peleka WARF." Hii WARF ni idara ya chuo au kampuni? Na nikishapeleka, kitu kitabaki changu? (Mwanafunzi, Madison)

JIBU: Marahaba. WARF (Wisconsin Alumni Research Foundation) si idara ya chuo, wala si kampuni ya kuwatafutia wenye hisa faida. Ni wakfu uliosajiliwa peke yake mwaka 1925, nje ya Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, wenye bodi yake na fedha zake. Unashika hataza (patent), yaani haki za kisheria za kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wa watafiti wa chuo, unazitafutia watu wa kuzitumia kwa leseni, kisha mapato yanarudi chuoni kugharimia utafiti mwingine.

Chanzo chake ni matege. Miaka ya 1920 Harry Steenbock, mwanakemia wa pale, alionesha kwamba chakula kikipigwa mionzi ya urujuanimno hupata vitamini D, ile inayozuia mifupa ya mtoto isipinde. Kampuni ya vyakula ya Quaker Oats wakaja na ahadi ya kitita kinachokaribia dola milioni moja. Steenbock alikuwa ameshalipia ombi la hataza kwa pesa yake mwenyewe, na alitaka mapato yaende kwenye utafiti wa chuo, hivyo hakuuza. Wahitimu 9 wakachanga dola 100 kila mmoja, wakfu ukaanza, na Quaker wakaja kuchukua leseni. Isidhaniwe lakini kwamba wakfu ni malaika: watengenezaji wa majarini waliitaka leseni hiyo wakanyimwa, maana Wisconsin ni jimbo la ng'ombe wa maziwa na siagi ilikuwa na wenyewe. Msomaji mwenye ndugu anayemeza warfarin baada ya kuwekewa vali ya moyo ameshakutana na wakfu huu bila kujua. Dawa hiyo ilitoka maabara ya Karl Paul Link pale pale Madison, ikabeba jina la WARF, na ilianza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya.

Tuje kwenye kijikaratasi chako. Jina lako kama mvumbuzi linakaa kwenye hataza hadi mwisho, hakuna wa kulifuta. Umiliki ni habari nyingine, nao hufuata pesa. Tofauti na vyuo vingi, Wisconsin-Madison hakidai moja kwa moja kila kinachovumbuliwa na watu wake. Ila kama ruzuku ya serikali ya shirikisho iligusa kazi hiyo, inaingia Sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980, inayokipa chuo nafasi ya kushika haki za uvumbuzi uliolipiwa na umma, na chuo chako kimeipa WARF jukumu hilo. Kama ni kampuni binafsi iliyolipa, soma mkataba wake. Kwa hiyo, kabla ya kumwona mtu yeyote, tafuta namba ya ruzuku iliyolipia kemikali, posho yako na muda wa mashine. Jibu la swali lako liko hapo.

SWALI: Muhtasari wangu umekubaliwa kwenye mkutano wa kisayansi na bango nalitundika baada ya wiki 3. Mwenzangu anasema nikishatundika tu hataza imekwenda. Ni kweli? (Mtafiti, Minneapolis)

JIBU: Ni kweli nusu, lakini tarehe unayoihesabu siyo. Kinachohesabiwa ni siku ambayo muhtasari utaonekana mtandaoni, na waandaaji wengi huuweka hadharani kabla ya mkutano wenyewe. Tasnifu iliyoingia kwenye hifadhi ya maktaba ni kutangaza. Msimbo uliowekwa wazi ni kutangaza. Mazungumzo na mwekezaji bila mkataba wa usiri nayo yanaweza kuhesabika.

Sheria ya Marekani inampa mvumbuzi miezi 12 tangu atangaze mwenyewe. Ulaya haimpi hata siku moja, isipokuwa kwa sababu chache mno. Mfano wake uko Stanford. Stanley Cohen na Herbert Boyer walichapisha njia yao ya kuunganisha jeni Novemba 1973, na ombi la hataza likawasilishwa tarehe 4 Novemba 1974, mwaka ukikaribia kutimia. Hataza za Marekani zikapatikana na kuleta dola milioni 255 za leseni. Hataza za nchi za nje hazikupatikana, kwa sababu makala ilishatoka.

Wewe una wiki 3, zinatosha. Leo hii jaza fomu ya taarifa ya uvumbuzi kwenye tovuti ya wakfu wa chuo chako, na sehemu ya tarehe ya kutangazwa iandike kwa wino mzito, kisha wapigie simu. Usiwaachie waikute wenyewe kwenye foleni. Fomu inataka mambo manne ambayo watu huyajaza hovyo: tatizo ni lipi na watu wanalitatua vipi sasa, chako kinafanya nini ambacho vya zamani havifanyi, kwa vipimo na si kwa sifa, nani alichangia nini, na pesa zilitoka wapi, namba kwa namba. Chukua kijikaratasi cha mwenzako wa Madison. Ukiandika "kipimo bora na cha haraka", mtu wa leseni hana cha kushika. Ukiandika kwamba kinatambua sehemu 10 kwa bilioni ndani ya dakika kadhaa, na kwamba umekijaribu kwenye sampuli kadhaa ukalinganisha na mashine ya maabara, ana pa kuanzia.

Wakikubali, wanasheria watawasilisha ombi la awali. Hapa ndipo wengi huumia baadaye. Ombi la awali halikaguliwi na halilazimishi madai rasmi, yaani orodha ya kile hasa unachotaka kilindwe, kwa hiyo linaweza kuwa bango lako tu lililogongwa muhuri. Lakini linalinda kile kilichoandikwa ndani yake, basi. Kwa kijikaratasi kile kile, ukieleza chembechembe za dhahabu peke yake, miezi 8 baadaye ukagundua kwamba za fedha ndizo zinazofanya kazi vizuri, zile za fedha hazina tarehe ya mwanzo. Andika kila namna unayoweza kuitetea: aina za chembechembe, kingamwili mbadala, vipimo vya chini na vya juu vya tindikali, nafaka nyingine mbali na mahindi.

Saa inaanza kuhesabu siku ya ombi la awali. Ndani ya miezi 12 lazima ombi kamili liingie, likiwemo la kimataifa ukilihitaji. Mwezi wa 30 ndipo unapochagua nchi moja moja, na kila nchi ina ada, mwanasheria na mara nyingi tafsiri. Huo wa 30 ndio mwezi ambao wakfu nyingi hupunguza mzigo: kama hakuna kampuni iliyojitokeza kulipa, nchi zinaachwa.

SWALI: Fundi wa maabara aliniendeshea majaribio mwaka mzima. Yumo kwenye makala kama mwandishi. Je, lazima awemo kwenye hataza? (Mhadhiri, Ohio)

JIBU: Si lazima, na kumweka kwa heshima tu ni kosa. Uandishi wa makala ni wa adabu na mchango. Uvumbuzi ni wa wazo lenyewe. Aliyetekeleza maelekezo yako, hata kwa mwaka, si mvumbuzi. Aliyesema "tubadilishe utando, huu unanyonya polepole", na utando huo ukaingia kwenye madai ya hataza, ni mvumbuzi hata kama aliyasema hayo kwenye chai. Kumwacha mvumbuzi halisi au kumpachika asiyekuwa kunaweza kuivunja hataza mahakamani.

Angalia pia kila mmoja wenu amesaini nini, na wapi. Mtafiti mmoja wa Stanford alikuwa amekubali kwa maandishi kwamba atakihamishia chuo haki zake. Baadaye akaenda kujifunza mbinu kwenye kampuni ya Cetus, akasaini karatasi ya mgeni iliyosema anahamisha haki hapo hapo. "Nitahamisha" ikashindwa na "nahamisha". Kipimo cha wingi wa virusi vya UKIMWI kwenye damu kikawa na mwenye haki wa pili, kampuni ya Roche iliyonunua biashara hiyo ya Cetus, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba Bayh-Dole haikipi chuo umiliki moja kwa moja. Lazima mvumbuzi awe ameuhamisha. Ukienda kutembelea maabara ya kampuni hata kwa wiki moja, fomu ya mapokezi ipeleke kwanza kwa watu wa mikataba wa chuo.

SWALI: Nimeandika programu, siyo kifaa. Wakfu unahusika? (Msomaji, Atlanta)

JIBU: Unahusika, hasa kwa hakimiliki. Kabla hujajaza fomu, orodhesha kila kipande cha programu huria ulichokitumia pamoja na leseni yake. Leseni ya GPL, mojawapo ya leseni za programu huria, inataka ukisambaza kazi iliyojengwa juu yake uitoe kwa masharti yale yale, na kuna wanunuzi wanaoghairi wakiiona tu.

SWALI: Tumekubaliana kufungua kampuni, sasa wakfu unataka hisa, mrabaha na "gharama za nyuma". Huu si unyang'anyi? Wanachukua kiasi gani kwa kawaida? (Wabunifu wawili, North Carolina)

JIBU: Inategemea mnalinganisha na nini. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, kilianzisha mwaka 2009 leseni ya haraka yenye masharti yanayojulikana kabla ya kukaa mezani: mrabaha, yaani fungu la mauzo, wa asilimia 1 kwa bidhaa zinazohitaji majaribio kwa binadamu na idhini ya serikali, asilimia 2 kwa nyingine, na asilimia 0.75 ya thamani ya kampuni siku inapouzwa au kuingia soko la hisa. Kama chuo chenu kina leseni ya aina hii, ichukueni. Miezi ya kuvutana kwa asilimia moja inagharimu zaidi ya hiyo asilimia.

Kama hakuna, anzeni na mkataba wa chaguo: mnalipa ada ndogo, wakfu unaahidi kutompa mwingine leseni kwa miezi 6 hadi 12, nanyi mnatumia muda huo kutafuta mtaji na kujua kama kuna mteja. Kusaini leseni kamili siku kampuni inazaliwa, ilhali benki hakuna kitu, ni kujifunga.

Hisa zinatisha kuliko zinavyouma. Tuseme kampuni ina hisa 1,000,000 na wakfu umepewa 50,000, yaani asilimia 5. Mwekezaji akija na kupewa hisa mpya 250,000, jumla inakuwa 1,250,000 na fungu la wakfu linashuka hadi asilimia 4, kama lenu linavyoshuka. Kipengele cha kusoma mara mbili ni kile kinachosema fungu la wakfu halitapungua. Kikiwa na ukomo, kwa mfano hadi mtakapokusanya mtaji wa kiasi fulani, kinavumilika. Kisipokuwa na ukomo, mwekezaji makini atawaambia mkakirekebishe kwanza. Kwa upande wa wakfu, hisa ni bahati nasibu yenye tiketi chache za ushindi. Stanford ilipata hisa milioni 1.8 za Google kwa leseni ya hataza ya kupanga kurasa, ikaziuza kwa dola milioni 336. Hisa nyingine nyingi za vyuo huishia kabatini.

Mrabaha nao una mtego wake. Mkilipa asilimia 3 kwa wakfu na asilimia 4 kwa mwenye kingamwili mnazonunua, mmeshatoa 7 kabla ya kulipa umeme. Ombeni kipengele cha kupunguziana: kwa kila asilimia mnayolipa kwa mwenye haki mwingine, ya wakfu ishuke nusu, lakini isiende chini ya kiwango mtakachokubaliana. Wakfu wengi wanakijua kipengele hiki na hawashangai kikiombwa. Wasiposikia mkiomba, hawakitaji.

Zile gharama za nyuma, yaani pesa wakfu uliyokwisha kuwalipa wanasheria wa hataza, ndizo zinazoua kampuni changa kimyakimya. Zinafika maelfu mengi ya dola, na mkataba wa kawaida unazitaka zilipwe ndani ya siku chache baada ya kusaini. Ombeni zilipwe kwa awamu, au zisubiri duru ya kwanza ya mtaji. Halafu yatazameni malengo yenye tarehe: sampuli ya kwanza lini, mauzo ya kwanza lini. Mkiyakosa, wakfu unaweza kuichukua leseni. Haki hiyo ina sababu, maana teknolojia iliyolipiwa na umma haitakiwi kulaliwa, lakini tarehe alizoziweka mtu asiyeijua bidhaa yenu zitawanyonga. Ziandikeni nyinyi.

Na mapato yakija, wavumbuzi wana fungu lao kama watu binafsi, mbali na kampuni. Bayh-Dole inalilazimisha lakini haitaji kiwango. WARF huwapa wavumbuzi asilimia 20 ya mrabaha kabla ya makato. Vyuo vingine hutoa asilimia kubwa zaidi, ila baada ya kukata gharama, kwa hiyo ulizeni asilimia hiyo ni ya kipi.

SWALI: Niko Marekani kwa viza ya mwanafunzi ya F-1. Naweza kuwa na kampuni na kuomba ruzuku za serikali za kampuni ndogo? (Msomaji, Indiana)

JIBU: Kumiliki hisa unaweza. Kuifanyia kampuni kazi bila kibali huwezi, hata kama hujilipi. Mwaka ule mmoja wa kibali cha kazi baada ya kuhitimu unaruhusu kujiajiri katika fani yako. Nyongeza ya miezi 24 kwa waliosoma sayansi na uhandisi inataka mwajiri halisi anayekusimamia, wala huwezi kujisimamia mwenyewe. Pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini hati ya kampuni.

Ruzuku hizo za kampuni ndogo, SBIR na STTR, zina sharti linalowakuta wengi wetu bila taarifa: zaidi ya nusu ya kampuni kwa kawaida iwe mikononi mwa raia au wakazi wa kudumu wa Marekani. Ukigawana hisa na profesa wako raia, fanya hesabu hii mapema. STTR inataka kampuni ifanye angalau asilimia 40 ya kazi na chuo angalau 30, hivyo inafaa pale mashine ziko chuoni. SBIR inataka kiongozi wa mradi awe ameajiriwa hasa na kampuni, na profesa mwenye ajira kamili hatimizi hilo. Mipango hii hupewa muda na Bunge na kuhuishwa, kwa hiyo hakikisha dirisha liko wazi kabla hujaanza kuandika.

Kabla ya ruzuku zote, uliza kuhusu I-Corps, mpango wa Shirika la Taifa la Sayansi ulioanza mwaka 2011. Timu inafanya mahojiano kama 100 na wateja watarajiwa ndani ya wiki 7. Mwenzetu wa Madison mwenye kijikaratasi cha sumukuvu angefaidika sana. Mahojiano ya kwanza na wenye vinu yangemwonesha kwamba shida kubwa haiko kwenye kijikaratasi bali kwenye gunia: punje chache hubeba sumu karibu yote, kwa hiyo ukichota kiganja kimoja unaweza kupata "salama" kwenye gunia bovu. Mwenye kinu atauliza sampuli ni kilo ngapi, inasagwaje na nani anaichanganya. Kisha soko: Marekani kikomo ni sehemu 20 kwa bilioni kwa chakula cha binadamu, kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni 10. Kipimo kilichowekwa mstari kwenye 20 hakina kazi kwenye soko la mahindi la Kibaigwa, Tanzania. Na mkulima hatanunua kitu cha kumwambia mahindi yake hayauziki. Mnunuzi ndiye atakayelipa.

SWALI: Sisi wa vyuo vya huku nyumbani hatuna WARF. Mtafiti wa Morogoro au Njoro aanzie wapi? (Mhadhiri, Morogoro)

JIBU: Ndugu mhadhiri, wakfu wa mtindo ule ni matunda ya mapato yaliyorundikana karne nzima. Ila kazi zake zinaweza kugawanywa. Usajili wa hataza Tanzania Bara uko BRELA, Zanzibar uko BPRA kwa sheria yake yenyewe, Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB. Ukitaka nchi kadhaa kwa ombi moja, kuna ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika lenye makao Harare, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Fedha za utafiti na ulezi wa ubunifu kwa Tanzania anzia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Hataza haina nguvu nje ya eneo lake, kwa hiyo sajili pale bidhaa itakapouzwa au mshindani atakapoitengeneza.

Njia nyingine ni kampuni kutangulia. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio la maji la mchanga na chembechembe ndogo linalorekebishwa kulingana na uchafu wa eneo, iwe floraidi au vijidudu. Kwa kampuni yake ya Gongali Model alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015, pauni 25,000. Kwenu, kabla ya yote, ombeni sera ya miliki bunifu ya chuo na muisome kifungu cha umiliki na cha mgawo. Kama mgawo haujaandikwa, andikieni makubaliano yenu na chuo kwa mradi huo mmoja, wakati bado hauna thamani. Ukishapata mnunuzi, kila ofisi itakumbuka kwamba ilichangia.

SWALI: Wakfu umekataa uvumbuzi wangu. Ndiyo basi? (Mtafiti, Texas)

JIBU: Hapana. Wakfu hukataa sehemu kubwa ya wanayoletewa, na mara nyingi sababu ni soko dogo au ugumu wa kumnasa mtu anayeiga, si ubovu wa sayansi. Omba sababu kwa maandishi, kisha omba haki zirudi kwako. Ikiwa pesa zilikuwa za shirikisho, chuo kikishaacha umiliki, ombi lako la kupewa haki linakwenda kwa shirika lililotoa ruzuku, nalo linaweza kukuruhusu ushike haki wewe mwenyewe, serikali ikibaki na leseni yake ya kuutumia. Fanya haraka, maana ile miezi 12 ya ombi la awali haisimami ukisubiri barua, na kuanzia siku haki zinaporudi ankara za wanasheria zinakuja kwa jina lako.